Joginder Singh: Spana Kwanza, Usukani Baadaye

Pita katika steji yoyote ya bodaboda Nyeri, Karatina au Nanyuki, hutakosa kijana anayeijua pikipiki kwa masikio. Injini ikikohoa tu, anakwambia kama ni plagi chafu au kabureta. Lakini kijana huyo huyo ameambiwa mara ngapi kwamba gereji ni ya walioshindwa na shule? Kama nawe umeambiwa hivyo, soma stori ya Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake, aliyetoka Punjab, alikuwa fundi mwenye gereji, na mtoto alikua akinusa oili. Kabla ya kujulikana alishika spana katika gereji za watu. Mwaka 1958 chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria, kazi ikiwa kuwaokoa madereva walioharibikiwa njiani. Hebu fikiria darasa hilo: kutwa unaangalia gari limevunjika wapi, na kwa nini.

Ndipo akaingia Safari Rally. Enzi hizo Safari haikuwa mchezo. Ilikimbiwa Pasaka, msimu wa mvua, kwenye barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanzania. Huku kwetu ilizunguka Mlima Kenya, na njia ya Embu hadi Meru, kona juu ya kona, ilikuwa ya udongo mwekundu. Wewe unayeujua udongo huo ukilowa, unajua ni sabuni tupu. Kasi peke yake haikufikishi popote hapo. Anayefika ni yule anayesikia gari likilia mapema, kabla halijavunjika.

Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walipewa namba 1, ndani ya Volvo PV544. Usidhani lilikuwa jipya: lilikuwa limeshapigwa na Safari ya 1964 mikononi mwa dereva mwingine. Magari 85 yaliondoka, yakamaliza 16 tu. La kwanza lilikuwa hilo kuukuu, tena kwa tofauti ya zaidi ya saa moja unusu! Mwaka 1968 mvua ikafanya kweli, yakamaliza magari saba pekee. Joginder alikuwemo.

Watu wakambatiza Simba, na magazeti ya Kiingereza yakamwita Flying Sikh. Mwaka 1974 alikuja na Mitsubishi Lancer, injini ya 1600 tu, msomaji ramani wake akiwa David Doig. Nyuma yake alimwacha Björn Waldegård, na Porsche yenye nguvu kuliko yake. Mwaka 1976 wawili hao walishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mbele. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Lakini namba ya kukaa nayo kichwani ni nyingine. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Katika mashindano ambayo magari mengi yaliishia matopeni, hiyo si bahati. Hayo ni masikio ya fundi.

Alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81.

Sasa turudi kwako. Fundi wa siku hizi halazimiki kubaki bila karatasi: NITA huwapima hata waliojifunza kazi kwa mikono na kuwapa vyeti kwa gredi. Kwa hivyo kesho ukiwa umelala chini ya pikipiki, mikono imejaa grisi, na mtu apite akikutazama kwa huruma, usimjibu. Kaza nati, washa, sikiliza.