Leonid Kantorovich na Hesabu ya Rasilimali Haba

Mtahiniwa, unapochora mistari ya vikwazo na kukagua kila pembe ili upate faida kubwa kuliko zote, unafanya hesabu ambayo Mrusi mmoja aliianza kwa sababu ya plaiwudi.

Leonid Kantorovich alizaliwa mwaka 1912 huko Saint Petersburg, mji ulioitwa Leningrad baadaye. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 14, umri ambao wengi wenu mlikuwa mnaanza Kidato cha Kwanza. Alipotimiza miaka 22 alikuwa profesa.

Mwaka 1938 shirika la plaiwudi lilimletea swali. Lilikuwa na mashine 8 na aina 5 za magogo, na kila mashine ilimenya kila aina kwa kasi yake. Mashine ipi ipewe magogo yapi ili mali itoke nyingi zaidi? Wewe una x na y tu. Yeye alikuwa na namba 40 za kutafuta. Kukagua pembe zote kwa kalamu na karatasi kusingewezekana. Kwa hiyo akaipa kila rasilimali thamani kulingana na uhaba wake, na thamani hizo zikamwongoza kwenye jibu. Kijitabu chake kilitoka mwaka 1939.

Kwa nini usichague kwa macho tu? Tuseme kijiji kina shilingi milioni 10. Mradi wa kisima unagharimu milioni 6 na faida yake ni 9. Ghala ni milioni 5, faida 7. Kivuko ni milioni 5, faida 6. Wengi hukimbilia kisima, kisha milioni 4 zinabaki bila kazi. Ghala na kivuko kwa pamoja vinamaliza bajeti na kuleta 13. (Wanafunzi wangu hunibishia hapa kila mwaka, mpaka wajumlishe wenyewe.)

Vita vilipokuja na Leningrad ikazingirwa, chakula kilipitishwa kwa malori juu ya barafu ya ziwa Ladoga. Kantorovich ndiye aliyepiga hesabu ya umbali salama kati ya lori na lori.

Hatari nyingine ilitoka kwa wakubwa. Itikadi ya Kisovieti ilishikilia kwamba thamani ya kitu hutokana na kazi iliyokifanya. Mtu aliyesema uhaba nao una bei alionekana kuwatetea mabepari, na katika enzi za Stalin hilo halikuwa jambo la mzaha. Kitabu chake kikubwa alikiandika mwaka 1942, kikachapishwa mwaka 1959, miaka 6 baada ya Stalin kufa. Wakati huo Mmarekani George Dantzig alikuwa ameshagundua njia yake mwenyewe, mwaka 1947, bila kujua habari za Mrusi huyu.

Mwaka 1975 Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Alifariki mwaka 1986.