Siti binti Saad, sauti ya santuri

Mpenzi wa taarab asilia, umpigie santuri ya Siti binti Saad, hata ikiwa yakwaruza, atanyamaza asikize. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye akitembeza vyungu akinadi. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarab ya wakubwa wakati huo ikiimbwa Kiarabu. Yeye akaiimba Kiswahili. Walimcheka kwa ufukara wake, na kwa sura yake pia. Akaendelea.

Miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo Mbaruk Talsam, kipofu, mwana wa Mombasa, kwa hivyo na sisi tuna fungu letu hapo. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi, na santuri zikaenea pwani.

Wengine humkumbukia nyimbo za mapenzi. Mimi naukumbuka wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito aliuawa, muuaji akatoroka, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliotoa ushahidi, eti kwa sababu ya ulevi. Siti akaiimba kesi ile, jina la muuaji likafika kila penye gramafoni.

Alifariki Julai 1950.