Pierre Bézier, fundi wa Renault aliyegeuza umbo la gari kuwa namba

Mjini Lubumbashi kama Likasi, atelye zinazohudumia migodi zinaombwa kila mara kutengeneza vipande vya pampu. Palipo na mashine inayoongozwa na kompyuta, kazi inaanzia kwenye skrini. Fundi anachora kipande, anaiambia programu ukubwa wa chuma alichonacho, anachagua kisu, anaweka nukta ya sifuri, kisha programu inahesabu njia ambayo kisu kitapita. Kwa kipande bapa hakuna shida, mstari na duara vinatosha. Shida ni mapanga ya pampu, ambayo mpindo wake unabadilika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Aliyewapa mafundi njia ya kuandika mpindo kama huo kwa namba ni Mfaransa Pierre Bézier, na alikuwa mtu wa kiwandani.

Bézier alizaliwa Paris tarehe 1 mwezi wa tisa 1910. Baba yake alikuwa injinia, na babu yake pia. Alipata diploma ya umakanika mwaka 1930 katika shule ya Arts et Métiers, na mwaka uliofuata akapata nyingine ya umeme. Mwaka 1933 aliingia Renault na kukaa huko miaka 42. Alianza na kazi ya kurekebisha zana za mashine, akawa mchoraji wa zana, kisha mkuu wa ofisi ya kuzichora.

Vita vilimkatiza. Mwaka 1940 alikamatwa na Wajerumani, na akiwa mfungwa aliendelea kufikiria mashine zinazopokezana kipande kimoja bila mtu kukigusa. Baada ya vita, Renault ilitumia mashine za aina hiyo kutengeneza vipande vya 4CV, gari dogo lililoonyeshwa Paris mwaka 1946. Mwaka 1957 alikabidhiwa idara ya mashine za kukata chuma, zikiwemo zile za kwanza kuongozwa kwa namba.

Lakini mwili wa gari ulibaki kazi ya jicho na mkono. Msanii alichora, mwingine akafinyanga kwa udongo, wengine wakanakili kwa plasta na mbao, mwishowe wakatengeneza kalibu za kubonyeza bati. Kila nakala iliongeza tofauti yake ndogo. Mlango ulipokataa kukaa sawa na fremu, kila ofisi ililaumu nyingine, na mfano mkuu uliotakiwa kuamua ugomvi huo nao uliweza kupinda.

Kuanzia mwaka 1960 Bézier alitafuta kitu kisichopinda, yaani namba. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuuweka mpindo ndani ya sanduku: ukilivuta au kulilaza sanduku, mpindo unafuata. Baadaye lilikuja umbo linalojulikana leo. Chukua nukta nne. Mpindo unaanzia kwenye ya kwanza na kuishia kwenye ya mwisho. Mbili za katikati haziguswi, zinauvuta tu kama sumaku. Msanii akisogeza nukta, mpindo unasogea, naye hahitaji kujua hesabu iliyo nyuma yake. Ukitandaza nukta nyingi kama wavu, unapata paa zima la gari.

Ndani ya kampuni wengi hawakumwamini. Mtu wa zana anafundisha hesabu? Bézier, aliyependa mzaha, alidai kwamba njia hiyo ilitoka kwa profesa mmoja, Onésime Durand, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Anayezijua ofisi za kwetu hatashangaa kwamba cheo husikilizwa kabla ya hoja.

Mwaka 1968 mfumo wake, UNISURF, ulianza kuchora. Namba zilezile zilizochora mpindo kwenye karatasi ndizo zilizoongoza mashine ya kukata mfano. Kufikia mwaka 1975 ulikuwa umeingia kikamilifu kazini.

Kuhusu jina la mpindo, haki inataka kumtaja Paul de Casteljau. Alifika kwenye mipindo hiyohiyo kwa njia nyingine akiwa Citroën, mwaka 1959, lakini kampuni yake ilificha kazi hiyo. Bézier alichapisha, na jina lake ndilo lililoshika. Hakumwibia mtu. Hata hivyo, ugunduzi wa hesabu ni wa wote wawili. Safari nzima kutoka mchoro hadi mashine ndiyo inayobaki fahari ya Bézier.

Alifundisha Paris, katika chuo cha CNAM, kuanzia 1968 hadi 1979. Akiwa amekwisha kustaafu Renault, mwaka 1977 alipata udaktari wa hesabu. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Steven Anson Coons. Alifariki tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1999, akiwa na miaka 89. Herufi za simu na kompyuta, hata hizi zinazosomwa hapa, kwa kawaida huhifadhiwa kwa mipindo ya aina yake.

Katika atelye, mpindo huo bado unadai uangalifu. Mara nyingi programu inaukata kuwa mistari mifupi iliyonyooka kabla ya kuupeleka kwenye mashine, na fundi ndiye anayeamua tofauti inayoruhusiwa. Akiiacha iwe kubwa ili kazi iishe haraka, panga la pampu linatoka na vipembe ambavyo kidole kinavisikia.