Kaposi alikuwa mtu, siyo ugonjwa tu

Hospitalini unaweza kusikia munganga anataja Kaposi, na wewe unafikiri ni jina la ugonjwa tu. Kumbe ni la mtu. Alizaliwa mwaka 1837 huko Kaposvár, Hungaria, akiitwa Moritz Kohn. Alisomea uganga Vienna, akafanya kazi kwa profesa Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi, halafu akamuoa binti yake. Wakina Kohn walikuwa wengi sana mjini, basi mwaka 1871 akachukua jina la kwao: Kaposi.

Mwaka 1872 aliandika juu ya wanaume watano wenye madoa na vinundu vyeusi-vyekundu miguuni. Dawa hakuwa nayo. Masomo yake yalitafsiriwa kwa Kifaransa na Besnier, yule yule aliyeunda neno biopsie mwaka 1879.

Kaposi alikufa mwaka 1902. Ugonjwa wake ulikuwa mwingi huku kwetu, mashariki ya Congo na Uganda, hata mbele SIDA ijulikane.

Kwenye ngozi nyeusi, doa lake linafanana na kovu, ao alama ya buti. Kwa macho tu munganga anaweza kukosea. Ndiyo maana anapiga sindano ya ganzi, anakata kipande kidogo, kinaangaliwa kwa mikroskopu. Wengine wanaogopa eti kisu kitaeneza ugonjwa, hapana. Kovu lake ni dogo kuliko lile la jiwe la shimoni. Na SIDA ikionekana, dawa zake zinaweza kupunguza hata madoa hayo.