David Livingstone na mfalme aliyeanguka: Mungu ana subira kuliko sisi



Upande wa pili wa ziwa letu, kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Watu hao wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata pwani kuelekea kaskazini. Walitaka kujua kama maji ya Ruzizi yanatoka ziwani au yanaingia. Wakafika penye matete ambapo mto unakutana na ziwa, wakaona kwamba yanaingia. Kisha wakapita upande wetu wa Uvira, na mwezi wa Desemba walikuwa wamerudi Ujiji.

Watu wengi wanamjua David Livingstone kama msafiri. Leo tunataka kumtazama kama mtumishi wa Injili, na hasa kwa habari ya mtu mmoja aliyembatiza, kwa sababu habari hiyo inagusa makanisa yetu.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba maskini. Alipokuwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Baadaye akajifunza uganga wa kizungu, akawekewa mikono mwaka 1840, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Mwisho wakakaa Kolobeng, katika nchi ambayo leo inaitwa Botswana, kwa mfalme Sechele wa Wakwena.

Sechele alikuwa na kiu. Alijifunza kusoma upesi sana, akapenda Neno. Alimwuliza Livingstone kwa nini wazee wake walikufa bila mtu kuwaletea habari hii. Swali hilo lilimchoma mmisionari. Lakini kulikuwa na shida: Sechele alikuwa na wake watano. Baada ya muda mrefu aliwarudisha wanne kwa jamaa zao, akabaki na mmoja, na tarehe 1 Oktoba 1848 akabatizwa. Watu wake wengi walilia na kukasirika. Jamaa za wale wanawake wakawa adui zake, na adui wa Injili pia.

Haikupita miaka mingi. Mwaka 1849 ilijulikana kwamba mmoja wa wale wanawake walioachwa alikuwa na mimba ya Sechele. Mfalme hakuficha. Alikiri, akaomba msamaha, akamsihi Livingstone asimtupe. Livingstone alimwondoa katika meza ya Bwana kwa muda. Kwa hilo hatumlaumu, kwa maana nidhamu ni ya lazima katika kanisa. Lakini moyo wake ulivunjika. Aliona kazi yake imeharibika, akazidi kutazama kaskazini, kwenye nchi nyingine na njia mpya. Mwaka 1852 alimtuma mke na watoto Uingereza, naye akaanza safari zake ndefu. Hakurudi tena kukaa na Sechele.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Mmisionari aliondoka, lakini Mungu alibaki. Mwaka huohuo wa 1852 Makaburu walishambulia mji wa Sechele, wakaua watu na kuchukua wanawake na watoto. Mfalme yule hakutupa imani yake. Aliendelea kusoma Maandiko katika lugha ya Kitswana, akaongoza maombi, akafundisha watu wake kusoma, na mwaka 1857 wamisionari wengine wakafika kwake kwa mwito wake. Maisha yake hayakunyooka kila mahali, lakini aliendelea kulitaja jina la Yesu mpaka kufa kwake mwaka 1892. Mtu yule ambaye Livingstone alimhesabu kuwa ameanguka alihubiri karibu miaka 40 baada ya kuanguka kwake.

Livingstone mwenyewe pia alihitaji subira hiyo. Aliandika kwamba alijuta kwa kutotenga wakati wa kucheza na watoto wake. Mke wake alikufa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Mtoto wake Robert alikufa mwaka 1864 katika vita vya Marekani, mbali na baba yake. Chanzo cha Nile hakukiona. Lualaba, aliyofikiri kuwa ni Nile, ni mto wetu wa Kongo. Hata hivyo Mungu hakumtupa.

Labda mtu katikati yetu atauliza: kama Mungu ana subira hivi, je, wenye kutenda maovu wataendelea tu? Tutazame Nyangwe, huko Maniema. Tarehe 15 Julai 1871, miezi minne tu kabla ya safari ya Ruzizi, Livingstone alikuwa sokoni pale. Watu wa wafanyabiashara ya watumwa walianza kupiga bunduki kwa akina mama waliokuja kuuza. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni. Livingstone alitamani kuwapiga risasi wauaji, akazuiwa. Lakini hakunyamaza. Aliandika yote, na Stanley akazibeba barua zake. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873, katika nchi ya Zambia ya leo. Mwezi wa Juni mwaka huohuo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mapatano. Subira ya Mungu haifuniki damu. Inampa mwovu nafasi ya kuacha, na inampa shahidi kazi ya kusema kweli.

Mtume Petro, katika waraka wake wa pili, sura ya 3, anafundisha kwamba Bwana hakawii, bali anavumilia ili watu wafikie toba. Na Bwana Yesu, katika Luka 13, alisimulia juu ya mtini usiozaa. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, lakini hakukaa bure katika mwaka ule: aliahidi kulima na kutia mbolea.

Kwetu, toka Kavimvira mpaka Kalundu na kuteremka mpaka Makobola, kila parokia ina majina ya watu waliowekwa chini ya nidhamu. Kuna baba aliyeoa mke wa pili, binti aliyepata mimba nyumbani, kijana aliyekwenda porini kubeba silaha na sasa anataka kurudi. Tuulizane: nani amekwenda kuwatembelea mwaka huu? Aliyeumiza watu aache, akiri wazi, arudishe anachoweza kurudisha, na walioumizwa wasikilizwe kwanza. Lakini akikiri kama Sechele alivyokiri, wazee wa kanisa wasihame. Wakae karibu, walime na kutia mbolea.

Bwana atupe kuvumilia kama yeye anavyotuvumilia sisi. Amina.