Habari za Daktari Livingstone na Wanyama Wake

Ndugu wasomaji, twaulizwa neno hili huku Kiswere: mtu akimwona punda wa jirani yake anachechemea, kwato zimerefuka na kupasuka kwa kuwa hakuna azitunzaye, je, imempasa kusema, au anyamaze kwa kuwa mnyama si wake? Ili kulijibu twasimulia habari za Daktari David Livingstone, maana jambo la namna hii lilimpata katika pwani hii yetu ya kusini.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipokuwa na miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba, akasoma usiku. Hata akawa tabibu na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Baadaye alivuka bara zima toka Luanda mpaka Quelimane, akamaliza mwaka 1856.

Tarehe 19 Machi 1866 aliondoka Unguja kwa safari yake ya mwisho. Akapita bahari ya Kilwa, Kiswere na Lindi, akashuka Mikindani. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama hao waweza kuishi penye mbung'o. Kazi ya kuwatunza iliwaangukia zaidi askari 13 wa Kihindi waliotoka Bombay.

Njia ya Ruvuma ilikuwa msitu mnene, hata Wamakonde wakaajiriwa kuikata kwa mashoka ili ngamia wapite. Bwana Livingstone akitangulia mbele kutazama njia, nyuma yake wanyama walitwikwa mizigo kupita kiasi, wakapigwa kwa fimbo nene, wakapata vidonda. Alipoyaona hakunyamaza; aliwakemea askari. Walakini alipogeuka tena, mambo yakawa yale yale. Hata siku moja alishika fimbo mwenyewe akawachapa baadhi ya watu wake, kisha akaona amejishushia heshima, akaazimu asifanye hivyo tena. Mwezi wa Julai aliwarudisha wale askari pwani. Wanyama wengi walikuwa wamekwisha kufa, wala hakuweza kupambanua kwa hakika kama waliuawa na mbung'o au na fimbo. Ukatili ulikuwa umeharibu hata maarifa aliyoyatafuta. Ilikuwa mwaka 1895 ndipo Daktari David Bruce alipovumbua kijidudu cha nagana kinachochukuliwa na mbung'o.

Huyo aliyewasemea wanyama aliwasemea na watu pia. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwapiga risasi wanawake kwa waume; mamia wakafa. Hakuwa na nguvu ya kuwazuia, lakini aliyaandika yote, na Bwana Stanley akazichukua barua zake mpaka Uingereza. Watu waliposoma walighadhibika, na tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa Unguja. Livingstone hakuisikia habari hiyo, kwa kuwa alikuwa amefariki mwanzo wa Mei kijijini kwa Chitambo. Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, akazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Basi, ndugu, katika maisha haya twaona ya kwamba kusema ni wajibu, lakini kukemea mara moja na kupita hakutoshi, wala hasira haimponyi mnyama. Ukimwona punda anachechemea, mwendee mwenyewe faraghani, kwa heshima. Inueni mguu pamoja, mtazame kama jiwe limekwama. Na kama kwato zimerefuka, mtafutieni mtu ajuaye kuzikata. Kisha baada ya siku chache rudi ukaangalie. Asiposikia, waambie wazee au bwana mifugo. Punda hana kinywa cha kujisemea.