Jacques Cousteau: Mzamiaji Aliyejifunza Kuiheshimu Bahari

Safari hii tunawaletea maisha ya Jacques-Yves Cousteau. Jina lake la mwisho litamke "Kusto". Huenda baba au mama anamkumbuka kwenye televisheni: mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu ya sufu, akiwa kwenye meli yake iitwayo Calypso.

Alizaliwa Ufaransa tarehe 11 Juni 1910. Utotoni aliuguaugua, lakini alipenda sana kuogelea. Alipokua alijiunga na jeshi la majini, akitamani kuwa rubani. Lakini alipata ajali mbaya ya gari, akavunjika mikono, na ndoto ya urubani ikaishia hapo. Ili mikono ipate nguvu tena, akawa anaogelea baharini huko Toulon. Rafiki yake akampa miwani ya kuzamia. Alipotumbukiza uso majini aliona dunia nyingine, na hakuisahau tena.

Lakini wewe na mimi hatuna matamvua kama samaki. Zamani mzamiaji alibana pumzi, au alivaa vazi zito lenye kofia ya chuma, akapelekewa hewa kwa mpira kutoka juu. Mwaka 1943 Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa chepesi: mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, wenye vali inayotoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi. Wazamiaji unaowaona leo Zanzibar, Mombasa au Muscat bado wanatumia njia hiyo.

Mwaka 1950 alipata Calypso, meli iliyowahi kutumika vitani kuondoa mabomu ya baharini. Akasafiri nayo Mediterania, Bahari ya Shamu, Ghuba na Bahari ya Hindi. Filamu yake ya mwaka 1956 ilishinda tuzo kuu huko Cannes, kisha Oscar. Watu wengi waliona kwa mara ya kwanza rangi za bahari ya chini.

Sasa sikiliza vizuri. Katika filamu hiyohiyo, mabaharia wa Calypso wanalipua baruti kwenye miamba ya matumbawe ili wahesabu samaki waliopo. Samaki wanakufa kwa wingi. Mahali pengine wanawaua papa kwa hasira. Tena, mwaka 1954 meli hiyo ilifanya kazi ya kupima sakafu ya bahari karibu na Abu Dhabi kwa ajili ya watafuta mafuta.

Waulize wazee wa pwani yetu kuhusu uvuvi wa baruti, ambao sheria imeupiga marufuku. Watakwambia kwamba mlipuko hauchagui: unaua samaki mkubwa, mdogo na mayai, na unavunja matumbawe ambayo ni nyumba yao. Matumbawe hukua polepole mno. Kinachovunjwa kwa sekunde moja huchukua miaka mingi kurudi.

Wahenga walisema: kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Kadiri miaka ilivyopita, Cousteau alirudi kuzamia sehemu alizozijua Mediterania, akakuta samaki wamepungua. Mwaka 1960 serikali ya Ufaransa ilipanga kutupa takataka za nyuklia katika bahari hiyo. Cousteau alipinga hadharani, wananchi wakaungana naye, na mpango ukaachwa. Mwaka 1973 alianzisha jumuiya ya kutetea bahari. Filamu zake sasa zilifundisha watu kuwaonea huruma viumbe aliokuwa amewaua zamani.

Alipofika miaka 80 hakupumzika. Nchi kadhaa zilikuwa zinafikiria kuchimba madini Antaktika, bara la barafu. Cousteau alikusanya saini za watu wengi kupinga. Mwaka 1990 alipeleka huko watoto sita, mmoja kutoka kila bara lenye wenyeji. Mtoto wa Afrika alitoka Tanzania! Mwaka 1991 mataifa yalitia saini mkataba huko Madrid wa kuzuia uchimbaji huo.

Cousteau alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87.

Nawe una sehemu yako. Ukienda likizo nyumbani, usinunue matumbawe wala makombe yanayouzwa ufukweni, kwa sababu mara nyingi mnyama aliyekuwa ndani aliuawa ili kombe liuzwe. Ukiogelea, usikanyage matumbawe. Ukimwona kasa, mtazame kwa mbali, usimguse. Na mfuko wako wa plastiki rudi nao.

Kazi ya nyumbani: zungumza na wazazi wako kwa Kiswahili. Je, mtu aliyeidhuru bahari kisha akaitetea anastahili kusifiwa? Njoo na jibu lako darasani, pamoja na majina matano ya samaki uliyofundishwa na bibi au babu.